Wanataka Kumrekodi Binti Yangu Ndipo Wampe Kiti

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi katika kijiji kimoja cha Kaunti ya Kilifi, na kila alfajiri ninapika mahamri na mbaazi na kuuza kando ya barabara. Mume wangu ni mvuvi. Ninakuandikia kuhusu mtoto wetu wa pili, msichana wa miaka sita, ambaye ana mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa. Hawezi kukaa bila kushikiliwa na shingo yake haijakaza vizuri, lakini anaelewa kila tunalosema, na baba yake akirudi kutoka baharini yeye hucheka kabla sisi wengine hatujasikia hodi.

Miaka miwili iliyopita kundi moja la wafadhili lilikuja kugawa viti vya magurudumu uwanjani, nasi tukapewa kimoja. Kilikuwa kiti cha mtu mzima. Nilipomweka humo miguu ilining'inia na mwili ukateleza mbele, nikawa ninamfunga kifuani kwa leso ili asianguke. Baada ya wiki chache niliona wekundu kwenye nyonga yake ya kushoto, halafu ngozi ikachubuka, nikaacha kumkalisha. Siku hizi kiti hicho tunabebea mitungi ya maji, na kila nikikiona roho inaniuma.

Mume wangu alimtengenezea kiti cha mbao, akakiwekea vipande vya godoro pande zote. Alikifanyia kazi usiku kwa usiku, taa ikiwa chini, hadi kikaisha. Kilimsaidia sana, lakini mtoto amekua na sasa kinambana. Kumlisha ndiko kunakonitisha zaidi, kwa sababu nikimpa uji akiwa amelala mapajani mwangu hupaliwa, na mwaka huu ameugua kifua mara tatu. Mtaalamu wa kliniki ya mazoezi amenieleza kuwa anahitaji kiti maalumu cha kumshikilia kiuno, mgongo na kichwa, pamoja na kisimamio cha kumsaidia kusimama kwa muda kila siku. Aliniandikia karatasi. Nilipouliza bei katika duka moja la Mombasa niliambiwa kiti peke yake ni shilingi 165,000. Siku ambayo nimepata faida ya shilingi 400 kwangu ni siku njema.

Nimeomba msaada mahali patatu. Shirika la kwanza lilisema halisaidii mtu mmoja mmoja, la pili halikunijibu, na katika ofisi ya tatu nilirudishiwa fomu nikaambiwa hazijakamilika, bila kuelezwa kinachokosekana. Mwezi uliopita akaja kijana aliyesema anatoka katika shirika la hisani. Ameahidi kiti kutoka ng'ambo ndani ya miezi mitatu, ila anataka kwanza kumrekodi mtoto akiwa amelala mkekani, nami niwe kando nikieleza shida zetu, na nikiweza kulia itakuwa bora zaidi, halafu video iwekwe mitandaoni ili wafadhili waguswe. Anataka pia shilingi 5,000 za kufungua faili.

Mume wangu amekataa katakata. Amesema uso wa mwanawe hauuzwi. Kwa hasira nilimwambia kuwa anamwonea haya mtoto wake mwenyewe, na tangu siku hiyo tunasemezana mambo ya lazima tu. Mama mkwe anasema mtoto ni majaliwa ya Mungu na tuache kuhangaika. Kaka yangu anashauri tuuze mbuzi wetu wawili na nikope kwenye chama. Jirani yangu, anayepokea pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, kwa ajili ya mwanawe, anasema mimi ni mvivu wa kufuata ofisi.

Nikikataa video, naogopa nitakuwa nimemnyima mtoto kiti kwa kiburi. Nikikubali, naogopa nitakuwa nimemvunjia heshima yeye na baba yake. Nisaidie kufikiri.

Mama wa Kilifi

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, Mama wa Kilifi,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikaa sana kwenye ile leso uliyomfungia mtoto kifuani. Umekuwa ukifanya kazi ya kiti kwa mikono yako, kwa mapaja yako na kwa kitambaa, huku mahamri yakisubiri kuuzwa. Mwenye kufanya hivyo kwa miaka sita si mvivu, na hilo neno la jirani naomba usilibebe.

Nikikuelewa vyema, binti yako anahitaji vifaa viwili ambavyo mfuko wenu hauwezi kuvinunua, milango mitatu mliyobisha haikufunguka, na mlango mmoja uliofunguka unadai malipo ambayo wewe unaona huenda yakastahimilika na mumeo anaona hayastahimiliki. Juu ya hayo limetokea neno baina yenu wawili, nalo linawazuia kukaa chini pamoja wakati ambapo mnahitaji kukaa pamoja kuliko wakati mwingine wowote.

Umeandika kana kwamba njia ni mbili tu, video au kukosa kiti. Ruhusu nilitilie shaka hilo kwa upole, kwa sababu sioni katika barua yako ushahidi kwamba njia nyingine zimeisha. Shirika lililosema halisaidii mtu mmoja mmoja lilikuwa linaeleza utaratibu wake, wala halikumkataa mtoto wako. Zipo hazina nyingi ambazo kwa masharti yao hutoa pesa kwa shule, hospitali au kikundi pekee, na mzazi anayeomba kwa jina lake atakataliwa huko hata akiandika barua ya kumliza msomaji. Ombi lile lile likipelekwa na kliniki au na kikundi cha wazazi huweza kusomwa kwa jicho tofauti. Na zile fomu zilizorudishwa bado ni ombi hai. Una haki ya kurudi na kuomba uandikiwe ni kipi kilichokosekana.

Hapo kuna jambo ambalo hukulitaja, nalo ni kama binti yako ameandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lile ambalo wengi wetu tunalitaja kwa kifupi NCPWD. Baraza hilo liliundwa chini ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003, lina maafisa katika kaunti, na mfuko wake wa maendeleo, miongoni mwa kazi zake, hugharamia vifaa saidizi. Uandikishaji huanza kwa tathmini ya daktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Kama hatua hiyo haijafanyika, huenda ndiyo iliyokwamisha fomu zako, kwa kuwa ofisi nyingi huutaka uthibitisho huo kabla ya kusoma jambo lingine lolote. Kama imefanyika, basi ombi la kifaa lipelekwe kwa afisa wa Baraza katika kaunti yako, pamoja na karatasi ya mtaalamu. Sikufichi kwamba njia hii huwa na foleni, na mtoto anakua huku faili likisubiri. Pesa za Inua Jamii, ambazo hutolewa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, haziwezi kununua kiti, ila zinaweza kulipa nauli ya kliniki, na inafaa kuuliza kwa chifu au kwa afisa wa huduma za jamii lini uandikishaji mwingine utafanyika.

Unapoingia katika ofisi hizo, ningependa ukumbuke kwamba huombi sadaka. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kukabili vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake, na kifungu hicho hicho kinaanza kwa haki ya kutendewa kwa heshima. Haki iliyoandikwa haileti kiti mlangoni, najua, lakini mama anayedai haki ya mwanawe huketi tofauti mbele ya meza ya afisa.

Sasa nizungumzie kiti chenyewe, kwa maana hapa ndipo ninapoona hatari ambayo barua yako imeigusa bila kuitaja. Kiti kilichomchubua binti yako pia kilitolewa bure, pia kilitolewa kwa nia njema, na huenda kilipigwa picha siku ya kukabidhiwa. Kilichokosekana ni vipimo. Kiti cha mtoto mwenye mtindio wa ubongo hufuata mwili wake: upana wa nyonga, urefu wa paja kutoka makalioni hadi nyuma ya goti, urefu wa mguu kutoka goti hadi kisigino, kimo cha kiwiliwili hadi begani, na mahali hasa ambapo kichwa huelemea. Kikiwa kipana, mtoto huinama upande mmoja, na uti wa mgongo ukizoea kupinda huufuata huo upande. Vikanyagio vikiwa mbali, nyonga huteleza mbele, na hapo ndipo ngozi inaposuguliwa. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo unaosisitiza kwamba utoaji wa kiti cha magurudumu uambatane na tathmini, kumjaribisha mtumiaji na kumrekebishia, kumfundisha yeye na mlezi wake, na kufuatilia baadaye. Kwa hiyo swali la kwanza ningemwuliza yule kijana, hata kabla ya lile la video, ni nani atakayempima mtoto, na nani atakayekirekebisha kiti kikifika. Asipokuwa na jibu, yawezekana mtapata kiti kingine cha kubebea mitungi ya maji, safari hii kwa gharama ya sura ya binti yenu.

Ningemwuliza pia kuhusu mchanga. Kijiji chako bila shaka kina njia za mchanga, na viti vingi vilivyoundwa kwa sakafu ya hospitali vina magurudumu madogo ya mbele ambayo huzama mara moja. Vipo vya magurudumu matatu, lile la mbele likiwa limesogezwa mbali, ambavyo huhimili njia mbovu vizuri zaidi. Kiti cha ng'ambo kikivunjika, je, fundi wa baiskeli wa kijijini ataweza kukitengeneza, au kitakaa pembeni kikisubiri kipuri? Na je, ni nani atakayeshughulikia kukitoa bandarini? Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inasamehe ushuru vifaa vilivyoundwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu, lakini msamaha huo hauji wenyewe, sharti uombwe mapema kwa hati kamili.

Kuhusu shilingi 5,000, nitasema wazi kwamba hazikunituliza. Anayetoa ruzuku kwa kawaida hamtozi maskini pesa ili ampe. Pengine kijana ana maelezo. Mwombe cheti cha usajili wa shirika lake, anwani ya ofisi unayoweza kuifikia kwa miguu yako, na jina la familia moja iliyokwisha kupokea kiti, mzungumze nayo. Mtu mwema hatachukizwa na maswali hayo. Hadi atakapoyajibu, ningekuomba mkono wako usifungue kibindo.

Tuje kwenye video. Sitakuambia kwamba kila picha ya mtoto mwenye ulemavu ni dhuluma, kwa sababu wapo wazazi walioeleza habari za watoto wao hadharani kwa fahari na wakapata msaada wa kweli. Lakini kuna tofauti kati ya kumwonyesha mtoto akiwa amekaa, amevaa vizuri, anacheka akimsikia baba yake, na kumlaza mkekani makusudi ili aonekane ameanguka, huku mama akiombwa machozi. La pili ni kutengeneza picha ya uongo juu ya mtoto ambaye, kwa maneno yako mwenyewe, anaelewa kila mnalosema. Atakuwepo pale akisikia. Video ikishaingia mitandaoni hairudi, na akiwa na miaka kumi na tano itakuwa bado iko mahali fulani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na inataka matumizi hayo yalinde maslahi yake. Maana yake ni kwamba ninyi ndio mnaoshika ufunguo, na mnaweza kuweka masharti: jina lisitajwe, uso usionekane, picha moja badala ya video, itumwe kwa mfadhili peke yake, na hayo yote yawe kwenye karatasi iliyotiwa sahihi. Akikubali, mtakuwa na jambo jipya la kulijadili nyumbani. Akikataa, mtajua alichokuwa anakitafuta.

Njia nyingine zina uzito wake. APDK, chama kinachohudumia watu wenye ulemavu wa viungo nchini tangu mwaka 1958, kina kituo Port Reitz, Mombasa, na kina uzoefu wa kutengeneza na kurekebisha viti hapa hapa nchini. Ningeanza hapo kupata bei ya pili, kwa sababu bei ya duka moja haitoshi kuwa msingi wa ombi lolote. Vilabu vya hisani vya Rotary na Lions vya Pwani husaidia mara kwa mara kwa mahitaji ya namna hii, nao hupenda kuona kifaa kinachotajwa kwa jina na mtaalamu anayekisimamia. Ikiwa ninyi ni Waislamu, kamati ya msikiti inayosimamia zaka yaweza kuwasikiliza faraghani, na mafundisho ya kuisitiri sadaka yanaweza kumpa mumeo utulivu ambao kamera haimpi. Harambee ya kijiji nayo ni njia yetu ya siku zote, ijapokuwa kila aliyechanga atajiona ana neno la kusema juu ya malezi ya mtoto. Kuhusu mbuzi na mkopo wa chama, sikatai, ila kiti si kitu cha kununua mara moja. Mtoto wa miaka sita hukua, na kiti kitahitaji kupanuliwa au kubadilishwa baada ya miaka michache. Deni linaloanza leo lisije likakutana na kiti cha pili kabla halijaisha.

Yapo pia mambo ya kufanya wakati mnangoja. Afrika Mashariki wapo wataalamu na vikundi vya wazazi wanaounda viti vya watoto kwa maboksi na makaratasi yaliyobandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga, yakakaushwa hadi yakawa magumu kama ubao, kisha yakapakwa rangi au vanishi. Kiti cha namna hiyo hukatwa kwa vipimo vya mtoto mmoja na gharama yake ni ndogo sana. Hakipendi unyevu, na mkiwa karibu na bahari mtalazimika kukitunza, wala si cha kubuniwa bila mtu aliyefunzwa. Mwulize mtaalamu wa kliniki kama anamjua anayeweza kuwafundisha. Kinaweza kuwavusha msimu mmoja, na uji ukaliwa mtoto akiwa wima.

Huo uji, dada yangu, ndio ningeuweka katika mstari wa kwanza wa barua ya ombi. Waombaji wengi huanza kwa umaskini wao, na anayegawa pesa ameshasoma barua mia za umaskini. Mweleze kwamba mtoto akilishwa bila kukaa wima hupaliwa, kwamba ameugua kifua mara tatu mwaka huu, na kwamba kiti kitamwezesha kula salama na kuketi na wenzake wakati wa masomo. Ambatanisha karatasi ya mtaalamu yenye vipimo na tarehe, bei mbili au tatu zilizoandikwa, na makisio yanayojumuisha usafiri, marekebisho ya kwanza na matengenezo. Kiti na kisimamio viombe kila kimoja kwa hesabu yake, ili mfadhili asiyeweza vyote aweze kimoja. Weka nakala ya kila kitu kwenye bahasha yako mwenyewe.

Mama mkwe wako anaposema mtoto ni majaliwa ya Mungu, sidhani maneno yake yanapingana na kiti. Huenda amechoka kukuona ukirudi mikono mitupu, na hana namna nyingine ya kukuambia upumzike.

Na mumeo. Ulimwambia kwamba anamwonea haya mtoto wake. Mimi niko mbali na simjui, lakini wewe mwenyewe umenieleza juu ya mwanamume aliyekaa usiku kwa usiku, taa ikiwa chini, akipima mbao na kukata godoro, na juu ya mtoto anayeitambua hatua yake kabla ya hodi. Nimejaribu kuiona haya ndani ya habari hiyo, sikuiona. Inawezekana anakataa video kwa sababu ile ile iliyomfanya achukue msumeno, na inawezekana pia ana jambo lake ambalo hajakuambia, hasira ya kushindwa kukinunua kiti, au kumbukumbu ya ile siku ya uwanjani. Sitamsemea. Wewe unaweza kumwuliza, na kabla ya kumwuliza unaweza kulirudisha lile neno, kwa kuwa lilitoka kwa uchovu.

Siku yenu ya kliniki ijayo, kama bahari itamruhusu, nendeni pamoja na mkibebe kile kiti cha mbao. Mwacheni mtaalamu amkalishe binti yenu humo, aone pale panapombana na pale ambapo godoro limebonyea, na baba yake awepo kueleza alikipimaje.